Flai za Shauri Moyo: Kutoka Unyoya Hadi Sponji

Mtu asiyewahi kufunga flai, yaani mdudu wa bandia wa kuvulia samaki, kwa mkono wake hudhani kwamba unyoya huelea juu ya maji kwa sababu ya wepesi wake, na kwamba fundi hana kazi nyingine ila kuuzungusha kwenye ndoana na kuukaza kwa uzi. Walakini wepesi si hoja, kwa maana ndoana ni chuma, na chuma huzama. Kinachoishikilia flai juu ya maji ni zile nyuzi ngumu za unyoya wa shingo ya jogoo, ambazo zikizungushwa sawasawa husimama wima pande zote za ndoana na kukanyaga ule utando mwembamba wa uso wa maji pasipo kuutoboa. Na zikiwa laini mno, au zikilala upande mmoja, au zikilowa mara nyingi bila ya kupakwa mafuta, utando hutoboka na flai hushuka. Elimu hiyo yote niliikuta katika chumba cha shangazi yangu, mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, katika miaka ya 70, na niliikuta mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamepata kuona hata mara moja flai ikielea mtoni.

Asili ya jambo hili ni samaki aina ya trauti, ambaye hakuwako katika mito yetu hata mwaka 1905, wakati mayai yake yalipoletwa kutoka Loch Leven, Uskochi, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura, kwenye safu ya milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakaongezwa trauti wa aina ya pili, mwenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni, kutoka Afrika Kusini. Samaki hawa walizoea maji baridi ya Gura, Chania, Thiba, Ragati na Sagana, na waliowafuata kwa mshipi walikuwa wageni waliokuja na desturi ya kwao, yaani kuvua kwa mdudu wa bandia aliyefungwa kwa manyoya. Flai zikatakiwa hapa hapa. Ufundi wake ukafundishwa kwa wenyeji. Na baada ya Uhuru ukawa biashara ya kusafirisha nje, hata leo mvuvi wa Uingereza, wa Skandinavia au wa Marekani anaponunua flai dukani, huenda ikawa imefungwa Kenya. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Fulling Mill ina kiwanda chake katika nchi yetu, na nje ya viwanda vikubwa vimekuwako vyumba vingi vidogo vya kazi, na kimojawapo kilikuwa kwenye Industrial Area na kikimpa kazi shangazi.

Shauri Moyo ni mtaa wa nyumba zilizokuwa za Baraza la Mji, jirani na Pumwani na Majengo, ambako wazee wa Kiislamu waliokaa tangu miaka ya 20 waliacha Kiswahili kizuri kikisemwa barazani, na kutoka hapo mtu huweza kwenda kwa miguu Gikomba, au Kamukunji, au soko la Burma lililo kando ya barabara ya Jogoo. Shangazi alikuwa na chumba kimoja, na dirisha lake moja lilitazama mashariki, nayo ndiyo sababu meza ya kazi ilikaa chini yake na kitanda kikakaa gizani. Juu ya meza palikuwa na jiliwa dogo la kushikia ndoana, mkasi wenye ncha kali, koleo ndogo ya kubania unyoya, sindano iliyochomekwa katika kizibo cha chupa, kibonge cha nta, na chupa ya vanishi ambayo harufu yake ilijaa hata katika uji wa asubuhi. Ndoana zilitoka ng'ambo, nyingi katika masanduku ya Mustad wa Norwe, na namba zake zilikwenda kinyume na matarajio ya mtoto, kwa kuwa kadiri namba inavyokua ndivyo ndoana inavyopungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 10, na namba 16 huwatoa machozi watu wazima.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza alitandika uzi juu ya mti wa ndoana toka mbele hadi nyuma. Akafunga mkia wa nyuzi chache za unyoya. Akasokota manyoya ya sungura juu ya uzi uliopakwa nta, akayazungusha yakawa kiwiliwili. Akapitisha waya mwembamba wa rangi ya dhahabu juu yake. Ndipo akaushika unyoya wa jogoo kwa ile koleo na kuuzungusha mbele ya kiwiliwili, kila mzingo ukilala kando ya mwenziwe bila ya kuupanda. Hatimaye akafunga fundo la kichwa na kudondosha tone la vanishi kwa ncha ya sindano, akichunga tundu la ndoana lisizibe. Unyoya ulikuwa ndio roho ya kazi. Shingo za jogoo zilizokaushwa zilitoka India, nazo zilihesabiwa na kuandikwa daftarini kabla ya kukabidhiwa fundi. Na sisi watoto, ili tupate kujifunza bila ya kuharibu mali ya watu, tulitumwa Burma kwa wauza kuku kuokota manyoya ya jogoo waliochinjwa. Shangazi aliyachukua moja moja, akayapinda juu ya kidole chake hadi nyuzi zikasimama, akazigusa kwa mdomo wa chini, kisha akasema hili laini, hili laini, hili lafaa. Manyoya ya Burma aghalabu yalikuwa laini, kwani jogoo wa kuchinjwa huuzwa angali kijana, na ugumu wa unyoya huja kwa umri.

Kila flai ilikuwa na jina, na majina hayo tuliyakariri kama watoto wengine walivyokariri majina ya wachezaji wa Gor Mahia na Abaluhya: Coachman, Adams, ambayo ilibuniwa Michigan mwaka 1922, Mrs Simpson, iliyopendwa sana katika mito ya mlimani kwetu, na Kenya Bug, nyeusi, ambayo jina lake lilitupa furaha ingawa hatukujua ni mdudu gani. Na hapo ndipo lilipokuwa jambo ambalo nimelifikiri kwa miaka mingi. Fundi alipewa kielelezo, yaani flai moja iliyobanwa kwenye kadi, na wajibu wake ulikuwa kuifuata, urefu wa mkia kwa urefu wa mkia, idadi ya mizingo kwa idadi ya mizingo. Msimamizi aliipokea kazi kwa dazani, akapima kwa rula, na flai moja ikipotoka dazani zima lilirudi. Hakuna aliyeuliza kama inaelea, wala hakuna aliyeeleza kwa nini mkia uwe mrefu kiasi kile na si zaidi. Sheria hizo zilikuwa na sababu zake, na nyingi zilikuwa zimeandikwa huko Uingereza tangu mwaka 1886, Frederic Halford alipotoa kitabu chake juu ya flai zinazoelea na namna ya kuzifunga; lakini kwetu zilifika zikiwa amri tupu, hoja zake zikiwa zimebaki njiani. Shangazi alikuwa na ustadi wa vidole ambao sijauona kwa mtu mwingine, na pamoja na ustadi huo hakuwa na njia yoyote ya kusema, kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe, kwamba flai hii ni njema na ile ni mbaya.

Alipata kuzitia flai za unyoya katika beseni la maji, naam, kwa udadisi. Lakini beseni halina mkondo wala upepo wala mshipi wa kuvuta, na flai ya unyoya ikiwekwa taratibu juu ya maji yaliyotulia huelea hata kama imefungwa vibaya, ilhali ile iliyofungwa vyema ikitumbukizwa kwa nguvu huzama. Maji ya beseni hayakumpa jibu, akaacha kuyauliza.

Badiliko la kwanza lilikuja kwa njia ya soksi. Wavuvi wa Uingereza, wenye kuvua katika mabwawa makubwa, walikuwa wamegundua kwamba tembe ndogo ya polistirini, ile nyeupe ya kufungashia redio, ikifumbatwa ndani ya kipande cha soksi laini ya nailoni ya kike na kufungwa kwenye kichwa cha ndoana, huining'iniza flai chini kidogo ya uso wa maji, mfano wa mdudu anayepanda kutoka vilindini ili apate mbawa. Agizo lilipofika Nairobi, tembe zilipatikana bure nyuma ya maduka ya vyombo vya umeme, na soksi zikapatikana Gikomba, katika mafungu ya mitumba. Wanawake wa Shauri Moyo waliojua kuzichagua, zile zisizo na mshono, za rangi ya mwili, zenye nyuzi nyembamba kuliko zote, wakawa wanazinunua kwa wingi hata wauzaji wakashangaa. Nilizifunga mwenyewe nikiwa likizoni, na nakumbuka ule mshangao wa kuona kitu kilichofungwa kwa mkono wangu kikitumbukizwa hadi chini ya beseni, kikaachwa, kikarudi juu. Polistirini ina kasoro yake, nayo ni kwamba vanishi huila. Basi chupa iliyokaa mezani miaka yote ikahamishwa, na fundo la kichwa likawa linapakwa nta peke yake.

Sponji yenyewe ilifika mwanzoni mwa miaka ya 90, ikiwa katika karatasi pana, laini, za rangi kali, nyeusi na manjano na machungwa, unene wake milimita 2 au 3. Ni plastiki iitwayo EVA, ambayo ndani yake mna vijumba visivyohesabika vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake, kwa hiyo maji hayana njia ya kupita kutoka kimoja kwenda kingine. Ukiikata, unavifungua vile vilivyo kwenye ukingo tu, na vilivyobaki huendelea kubeba. Hii ndiyo tofauti yake na sponji ya godoro au ya kuogea, ambayo vijumba vyake vina milango na hunywa maji. Sisi watoto wa Eastlands tuliijua jamaa yake siku nyingi, maana magari yetu ya waya yalikwenda kwa magurudumu yaliyokatwa katika nyayo za slipa zilizochakaa, na sijui nyumba moja ya Shauri Moyo au ya Kaloleni ambayo haikupata kutafuta slipa ya mguu wa kushoto ikaambiwa imekuwa gari.

Pamoja na karatasi hizo kilikuja kielelezo kilichomfanya shangazi avue miwani, aifute, na kuivaa tena. Kilikuwa mdudu mkubwa, mweusi, mwenye vipande viwili vya sponji vilivyolala kimoja juu ya kingine, miguu mirefu ya mpira ikitawanyika pande zote, na juu ya mgongo wake pamefungwa kipande kidogo cha rangi kali. Jina lake liliandikwa kwenye kadi: Chernobyl Ant. Jina la mahali hapo tulilijua, kwa kuwa Sauti ya Kenya ilitangaza habari za mlipuko wa kituo cha nyuklia kule Ukraine mwezi wa Aprili mwaka 1986, na watu walizungumza juu ya wanyama watakaozaliwa na maumbo yasiyo ya kawaida. Wamarekani waliokuwa wakivua katika mto Green, jimbo la Utah, chini ya bwawa la Flaming Gorge, walimwita mdudu wao huyo kwa jina hilo kwa ajili ya ukubwa wake usio na kiasi. Shangazi alisikitika kwamba msiba wa watu umekuwa jina la chambo, na alikuwa na haki kusikitika. Lakini hakuacha kumgeuza yule mdudu kwenye mwanga wa dirisha.

Kazi ya sponji ilionekana nyepesi, ikawadhalilisha mafundi wazoefu kwa muda wa majuma kadhaa. Uzi mwembamba ulioandikwa 8/0, uliotosha kabisa kwa unyoya, uliikata sponji kama wembe mara tu ulipokazwa. Na usipokazwa, kiwiliwili kilizunguka kwenye mti wa ndoana hata miguu ikaelekea juu. Mafundi waliozoea kukaza kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho walilazimika kujifunza mkono mwingine. Dawa ilipatikana kidogo kidogo, kwa mashauri ya meza moja na nyingine: kwanza kutandika uzi kwa kwenda na kurudi hadi mti wa ndoana ukawa na mikwaruzo, kisha tone la gundi, kisha kulaza sponji na kuizungushia uzi mnene zaidi, 3/0, mizingo miwili iliyolegea, halafu kuvuta taratibu, ukihisi vijumba vya hewa vikibanwa pasipo kupasuka, kisha kuinua uzi kwa njia ya msalaba hadi pingili inayofuata. Na kulikuwa na sharti moja ambalo kielelezo hakikulisema: sponji ikiwa nene mno chini ya ndoana huziba uwazi ulioko baina ya mti na ncha, na samaki akiuma hufunga mdomo juu ya sponji badala ya chuma.

Sharti hilo shangazi alilitambua yeye mwenyewe, kwa beseni. Tangu siku za soksi beseni lilikuwa limepata kazi tena, na sasa likawa halitoki mezani. Flai ya sponji haiombi mkondo wala ufundi wa mvuvi ili ionyeshe tabia yake. Unaitupa kutoka kimo cha mkono, na papo hapo unaona kama inaangukia miguu au mgongo, kama inalala sawa au inainama kichwa, kama ncha ya ndoana imening'inia chini panapotakiwa au imefichwa. Unaiacha usiku kucha na asubuhi unajua. Siku moja alipeleka kazi kwenye Industrial Area, msimamizi akapima kwa rula akasema sponji ya chini ni nyembamba kuliko kielelezo, dazani lirudi. Shangazi, ambaye katika miaka yote ya unyoya hakupata kubishana na rula, alimwambia, "Mwanangu, leta maji." Yakaletwa katika sufuria ya chai. Akatupa kielelezo, akatupa na ya kwake. Kielelezo kililala ubavu. Msimamizi aliziangalia kwa muda, kisha akaandika katika daftari kwamba dazani limepokelewa, na agizo lililofuata likaja na kipimo cha shangazi.

Nimesikia watu wa unyoya, baadhi yao mafundi wa heshima kubwa, wakisema kwamba sponji iliharibu ufundi, kwamba kila mwenye mkasi akawa fundi. Siwezi kukubaliana nao, ingawa naelewa wanacholilia. Ni kweli kwamba vijana walioanza na sponji hawajui kuugusa unyoya kwa mdomo wa chini na kuujua ugumu wake, na maarifa hayo yakipotea hayatarudi kwa urahisi. Ni kweli pia kwamba flai ya unyoya, iliyofungwa na mtu kama shangazi, ina uzuri ambao sponji haijaufikia. Lakini ufundi si vidole peke yake. Fundi asiyeruhusiwa kujua kama kazi yake yafanya kile inachokusudiwa kufanya amenyimwa nusu ya ufundi wake, hata akiwa na vidole vya malaika. Na sponji, pamoja na ubaya wa rangi zake, ilimrudishia mwanamke wa Shauri Moyo hukumu juu ya kazi ya mikono yake. Tena kuna jambo la macho. Ndoana za sponji ni kubwa, namba 8 na 10, na wanawake ambao unyoya wa namba 16 ulikuwa umewastaafisha kabla ya wakati walirudi mezani wakalipa karo za wajukuu.

Vifaa navyo vilibadilika. Kukata viwiliwili kwa mkasi, kimoja kimoja, kulikuwa kunakula wakati, na hakuna viwili vilivyolingana. Wamarekani walikuwa na vikataji vya chuma vya kununua, lakini bei yake haikuwa ya kwetu. Basi shangazi alichora umbo kwenye karatasi, tukavuka mimi naye hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, wale ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 wakipiga chuma juani, ndipo wakajengewa mabanda. Fundi wa masanduku ya shule aliitazama karatasi, akauliza, "Mama, hii ni biskuti ya nini?" Alipoelezwa, akachukua utepe wa chuma unaofungia mizigo, akaupinda juu ya msumari kufuata mchoro, akaunoa ukingo kwa tupa, akauchomelea kwenye kipande cha bomba kiwe mpini. Ukiiweka sponji juu ya ubao na kugonga mara moja, kiwiliwili kinatoka kamili, kichwa, kiuno na tumbo. Baada ya muda Kamukunji ilikuwa ikitengeneza vikataji vya maumbo mengi kwa mafundi wa flai wa Maringo, wa Jericho na wa Umoja, na sidhani kama kuna mahali pengine duniani ambapo panzi wa sponji wa wavuvi wa Montana amekatwa kwa utepe wa kufungia marobota ya mitumba.

Katika hali hiyo ndipo kumbikumbi alipozaliwa, na hilo ndilo hasa nililotaka kulisimulia. Mvua za kwanza zikinyesha Nairobi, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na kuzunguka taa za barabarani hata taa zikafifia. Na majirani zetu waliotoka magharibi ya Kenya, ambao kwao ni kitoweo cha hadhi, waliweka mabeseni ya maji chini ya taa ili wadudu waanguke humo. Shangazi alikwenda kutazama beseni la jirani, kwa mazoea ya kazi nadhani, akaona jinsi kumbikumbi anavyoelea: kiwiliwili chake cha rangi ya asali nusu kimezama, mbawa nne, ndefu kuliko mwili, zimelala bapa juu ya maji, naye hazami. Akachukua mmoja, akamweka juu ya kadi yenye pini, mahali ambapo siku zote palikuwa pamekaa flai ya mtu mwingine.

Alimfunga kwa sponji ya kahawia, pingili za tumbo zikabanwa kwa uzi, kichwa kikawa cheusi; na juu ya mgongo akaweka kipande kidogo cha manjano, kwa kuwa alikwisha kuielewa ile hekima ya Chernobyl, kwamba samaki huona tumbo na mvuvi huona mgongo, na kila mmoja apewe haki yake. Mbawa zilikuwa za plastiki angavu ya mfuko wa mkate. Mvuvi mmoja wa Nairobi, aliyekuwa akinunua flai chache moja kwa moja kutoka kwa mafundi, alizichukua kwenda nazo Sagana wakati wa mvua, kwenye sehemu za chini za mto ambako kumbikumbi huanguka majini kweli kweli. Aliporudi alitaka nyingine nyingi, na alikuwa na shutuma moja: mbawa ngumu za plastiki, flai inaporushwa, huzunguka kama pia, na kuusokota mshipi mwembamba hadi ukajifunga mafundo. Shangazi alizipasua mbawa katikati, akazikata nyembamba, akazichoma ncha kwa kiberiti. Zilipungua kuzunguka, hazikuacha. Akaendelea hivyo kwa miaka mingi, akiona kero lakini hana kitu bora.

Kitu bora kilikuja kwa amri ya Serikali. Tarehe 28 Agosti mwaka 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya, na binti ya binamu yangu, ambaye wakati huo alikwisha kukaa mezani pa shangazi kule Umoja walikohamia, alikataa kuwa na mbawa zenye mashaka. Alikwenda Eastleigh, kwenye maduka ya vitambaa vya harusi, akanunua shela nyepesi kabisa, yenye kupitisha mwanga, akaikata kwa umbo la bawa na kuupitisha ukingo wake karibu na mshumaa usichanike nyuzi. Shela hulainika inaporushwa, hukunjika nyuma ya kiwiliwili, na ikitua juu ya maji hufunguka, mshipi hausokotwi. Shangazi aliitupa katika beseni, akaitazama, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, wewe umeipata kwa bibi harusi."

Siku hizi viwiliwili vya sponji huja vimekwisha kukatwa kwa mashine, vimefungashwa kwa mamia, na vyumba vingi vya kazi vimevikubali kwa sababu ya wepesi. Binti huyu hataki. Anasema umbo lililokatwa na mashine ya mtu mwingine linamrudisha kwenye kadi na rula, na bado anabeba michoro yake Kamukunji. Anajua pia jambo ambalo shangazi hakulijua, kwa kuwa amesoma mikataba: kwamba katika biashara ya Marekani pana kampuni ambazo humlipa mbuni wa flai fungu lake kwa kila dazani linalouzwa, na jina lake huandikwa pamoja na flai, ilhali aliyeifunga hulipwa kwa kazi ya mikono peke yake. Kwa muda mrefu mbuni alikuwa wa kule na mfungaji alikuwa wa huku, na mgawanyo huo ulionekana kuwa wa maumbile. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo ameona kumbikumbi wa Umoja na kuagiza madazani kwa bei ya kufunga. Binti ameketi nami, tumemwandikia barua kwamba bei ya kufunga anaikubali, na juu yake anataka fungu la mbuni, nusu yake kwa jina la shangazi, ambaye yu hai na ana akaunti ya benki. Na kwamba vielelezo vya mbawa za shela havitatumwa mpaka hayo yatiwe sahihi. Shangazi aliisikiliza barua ikisomwa mara mbili, akataka neno moja libadilishwe. Tulikuwa tumeandika "tunaomba". Akasema iandikwe "tunataka", ndivyo ilivyopelekwa.